Kuunganisha vichochoro vya Mji Mkongwe katika OpenStreetMap: shajara ya mradi

Novemba

Mradi huu una lengo moja: mtu anayekwenda kwa miguu ndani ya Mji Mkongwe wa Zanzibar aweze kuitegemea ramani ya OpenStreetMap, inayochorwa na wachangiaji wa kujitolea, imtoe Darajani na kumfikisha Forodhani, au Malindi hadi Vuga, kwa kupita njia zile zile ambazo mwenyeji angezipita. Hatukusudii kuuchora mji upya. Majengo mengi yamekwisha kuchorwa na wachangiaji waliotutangulia, barabara za pembezoni zipo, na hoteli na maduka ya vinyago yamejaa kiasi cha kuchosha macho. Kilichopungua ni vichochoro vya ndani, ambavyo baadhi havimo kabisa, vingine vimekatika katikati, na vingine vinaonekana vizuri kwa macho ilhali programu ya kutafuta njia haivioni.

Jambo hilo la mwisho linahitaji maelezo, kwa kuwa ndilo lililotufanya tuanze. Katika OpenStreetMap kila kitu hujengwa kwa nukta. Nukta moja yaweza kusimama peke yake ikawa kisima au duka. Nukta zikifuatana huwa mstari, yaani njia au mzingo wa jengo. Na mistari kadhaa ikiwekwa pamoja huwa uhusiano, kama vile mpaka wa shehia. Lebo zinazobandikwa juu yake ndizo zinazoeleza kitu hicho ni nini. Njia mbili huhesabiwa kuwa zimekutana pale tu zinapotumia nukta moja. Mchoraji akiupitisha mstari wa pili juu ya wa kwanza bila kuunganisha, au akauishia nusu mita kabla ya kuufikia, picha ya ramani haitaonyesha kasoro yoyote, lakini programu itaamua kwamba hapo hapapitiki, na itampeleka mgeni mzunguko mrefu wa Barabara ya Mizingani wakati mdomo wa kichochoro uko mbele yake. Upande wa Kiponda tumekuta makutano ya aina hiyo karibu kila tunapogusa.

Tumeulizwa, na bila shaka tutaulizwa tena, kwa nini tusitosheke na ramani za makampuni makubwa ambazo tayari zimo katika kila simu. Jibu letu ni la kiutendaji. OpenStreetMap, ambayo Steve Coast aliianzisha Uingereza mwaka 2004, inamruhusu mwenye akaunti yeyote kurekebisha anachokijua, na kila rekebisho huhifadhiwa katika historia ya mahali hapo, kwa hiyo lililoharibika laweza kurudishwa lilivyokuwa. Data yake, ambayo tangu mwaka 2012 hutolewa kwa leseni ya ODbL, yaweza kupakuliwa yote ikatumika hata kibiashara, mradi chanzo kitajwe, na hifadhidata itakayotokana nayo, ikitolewa kwa umma, itolewe kwa masharti hayo hayo. Programu kama OsmAnd na Organic Maps huiweka ramani ndani ya simu, hivyo hufanya kazi hata bando likiisha. Kwa mtembeza wageni, au kwa kijana anayepeleka vyakula majumbani, hilo la bando lina uzito kuliko mengine yote tuliyoyataja.

Desemba

Mwezi huu umekuwa wa mezani. Zanzibar imebahatika kuwa na picha za anga ambazo miji mingi mikubwa haina: kuanzia mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi, kwa ushirikiano na Benki ya Dunia na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, iliendesha kazi ya kupiga picha visiwa vyetu kwa ndege ndogo zisizo na rubani, na wanafunzi wa chuo hicho walikuwa miongoni mwa waliozirusha. Ubora wake unapita kwa mbali ule wa picha za kawaida za setilaiti. Bati lenye kutu, tangi la maji juu ya paa, hata nguo zilizoanikwa, vyote vinaonekana.

Pamoja na uzuri wote huo, picha haziingii vichochoroni. Nyumba za Mji Mkongwe ni ndefu na zimekaribiana, mapaa yamechomoza nje ya kuta, na kichochoro cha upana wa mita mbili hubaki kuwa mstari wa kivuli, au kikapotea chini ya mabati ya majirani wawili yanayokaribia kugusana. Katika picha za setilaiti hali ni mbaya zaidi, kwa sababu jengo la ghorofa tatu lililopigwa kutoka pembeni huonekana limeegemea upande mmoja. Mchoraji aliye mbali hufuata ukingo wa paa, ambao ndio anaouona, badala ya msingi, ambao hauoni. Jengo linahama mita tatu au nne, linakalia njia, na anayemfuata, akiona hakuna nafasi, anaukata mstari wa njia hapo hapo. Tumejiridhisha kwamba sehemu kubwa ya vichochoro vilivyokatika ilipatikana hivyo, bila ya mtu yeyote kukusudia uharibifu.

Tumekubaliana kwamba majengo yaliyohama yatasogezwa, hayatafutwa. Kulifuta jengo na kulichora upya ni wepesi zaidi, hasa kwa wanaoanza, lakini huikata historia yake, na jina au lebo ambazo mtu aliziweka kwa jasho hupotea nalo. Wageni katika kazi hii wanatumia kihariri cha iD kinachofunguka ndani ya kivinjari. Kusogeza mafungu ya majengo yaliyoshikana kuta tumewaachia wawili wanaoimudu JOSM, kihariri kingine kinachosakinishwa kwenye kompyuta, kwa kuwa nyumba mbili zenye ukuta mmoja hutumia nukta zile zile, na ukivuta moja bila uangalifu unaburuta mtaa mzima.

Tumesoma pia utaratibu uliotumika Dar es Salaam katika mradi wa Ramani Huria ulioanza mwaka 2015, ambako wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wa kata zinazokumbwa na mafuriko walichora nyumba, njia na mifereji yao. Tumejifunza mengi kuhusu kuwashirikisha wakazi, ila mpangilio wa kazi hatukuweza kuuchukua ulivyo. Kule, kwenye nyumba za chini, kuchora kutoka picha kwanza na kuhakiki baadaye kunaleta matokeo mazuri. Kwetu tulilazimika kuugeuza utaratibu huo: kutembea kwanza, picha baadaye.

Januari

Tumeingia mitaani, na kitu cha kwanza tulichokiweka kando ni GPS. Mawimbi ya setilaiti hugonga kuta ndefu na kurudi yakiwa yamechelewa, nayo simu huyasoma kana kwamba yamekuja moja kwa moja. Mwenzetu mmoja alisimama mbele ya duka la mshona nguo. Simu ikamweka juu ya paa la jirani, kisha upande wa pili wa mtaa, kisha ndani ya ua wa nyumba ya tatu, na muda wote huo yeye hajanyanyua mguu. Mchoro wa safari uliorekodiwa katika hali kama hiyo haufai kuchorewa njia, na wapo waliowahi kuutumia hivyo hivyo, kama inavyoonekana katika baadhi ya mistari inayopenya sebule za watu.

Tunatumia karatasi. Kila kipande cha mji kimechapwa kwa ukubwa unaoruhusu kuandika kwa kalamu ya risasi, majengo yakiwa na rangi hafifu, na anayetembea hujipima kwa pembe za majengo anayoyaona: pembe ya tatu kulia, mlango wa mbao uliochongwa, ngazi mbili, kona. Tunaandika upana kwa hatua, ngazi, milango ya chuma inayofunga njia, mabomba ya maji ya umma, na mahali ambapo njia inapita chini ya nyumba.

Hapo pa mwisho ndipo karatasi ilipotulipa. Upande wa Kiponda kuna kichochoro ambacho katika ramani kilikuwa kimeishia ukutani. Ukikifuata unaona kwamba ukuta huo una tao. Unainama kidogo, unapita chini ya chumba cha kulala cha watu, mahali penye giza hata saa sita mchana, na unatokea kwenye kiuwanja chenye karakana ya seremala na baiskeli zimeegeshwa. Kwa mtu wa mtaa hiyo ndiyo njia ya kwenda sokoni. Katika ramani sehemu hiyo fupi sasa ni kipande cha mstari kinachojitegemea, chenye lebo "tunnel=building_passage", na kimeunganishwa kwa nukta pande zote mbili na pia kwenye kuta za nyumba inayokifunika.

Misikiti midogo nayo imetushughulisha. Mingi haina mnara, na kutoka juu haitofautiani na nyumba za jirani. Ukiwa chini unaitambua kwa viatu mlangoni na mahali pa kutawadhia. Jina tunaloliandika ni lile wanalolitaja wanaosali hapo, hata pale ambapo hakuna kibao.

Mipaka ya mitaa ni habari nyingine. Shehia zina mipaka rasmi, lakini Hurumzi, Sokomuhogo, Baghani na Kajificheni ni mitaa inayoishi vinywani mwa watu. Tuliwauliza wazee waliokaa barazani.

"Shikamoo, mzee. Hapa bado ni Hurumzi?"

"Marahaba, mwanangu. Hurumzi umeshaiacha nyuma. Hapa Kiponda."

Aliyekaa naye akacheka. "Kiponda ya wapi? Usimsikilize huyu, amehamia juzi."

Huyo aliyehamia juzi, kwa maelezo yake mwenyewe, anakaa hapo tangu kabla ya Mapinduzi. Tumeamua kwamba mitaa isiyo na mpaka rasmi tutaiweka kama nukta moja yenye jina, mahali ambapo kila tuliyemuuliza anakubali kwamba ndipo, na hatutachora mzingo. Mzingo ungekuwa dai ambalo hatuna ushahidi nalo, na ukishachorwa utanakiliwa katika programu nyingine hadi uonekane kuwa sheria.

Kabla ya kuingia katika kila shehia tumekwenda kwa sheha kujitambulisha. Jina la mkazi haliingizwi, hata kama mtaa mzima unaelekezana kwa "nyumba ya Bi Fulani", na visima au nyua za ndani ya nyumba hatuzigusi. Kinachoonekana na mpita njia kinatosha.

Ramadhani

Kazi ya nje imepungua na kubaki ya alfajiri. Sehemu nyingi za chakula zimefungwa mchana, na mwenzetu mmoja alipendekeza tubadilishe saa za kufunguliwa. Hatukubadilisha. Ramani iliyopakuliwa kwenye simu hukaa miezi bila kusasishwa, na badiliko la mwezi mmoja lingewadanganya watu hadi mwisho wa mwaka.

Baada ya Idi

Majina yamechukua muda mrefu kuliko njia. Kanuni ya OpenStreetMap ni kwamba lebo ya "name" hubeba jina linalotumika mahali penyewe, na majina ya lugha nyingine huwekwa katika lebo zake. Hata hivyo sehemu kadhaa za Mji Mkongwe zilikuwa na Kiingereza peke yake katika lebo kuu, jambo linaloeleweka ukikumbuka kwamba wengi walioziandika walikuwa watalii. Ngome Kongwe tumeiandika kwa jina lake, na "Old Fort" ikahamia katika "name:en". Siku chache baadaye mchangiaji aliye ng'ambo alilirudisha jina la Kiingereza, akieleza kwamba ndilo wageni wanalolitafuta. Badala ya kurudisha na yeye arudishe tena, tuliandika maoni chini ya fungu lake la mabadiliko, tukamweleza kwamba utafutaji unasoma lebo zote za majina, kwa hiyo mgeni atakayeandika "Old Fort" atafika hapo hapo. Alijaribu, akakubali, akalirekebisha mwenyewe. Mabishano mengi ya ramani hii huishia hivyo pakiwa na anayeeleza, na huwa vita pale ambapo kila mmoja anabonyeza kitufe bila neno.

Barabara ya Benjamin Mkapa ina jina la Creek Road katika lebo ya "old_name", kwa sababu wakubwa bado wanaitaja hivyo. Beit el-Ajaib ilitaka fikra zaidi. Jengo hilo, lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, liliporomoka sehemu tarehe 25 Desemba 2020, na bado kulikuwa na nukta ya pili iliyolitangaza kuwa makumbusho yenye saa za kufunguliwa. Jengo tumeliacha, maana lipo na ndilo alama ya mji. Nukta iliyojirudia tumeiondoa, na lebo za makumbusho tumezitangulizia "disused:", utaratibu unaohifadhi habari ya matumizi ya zamani bila kumpeleka mtu mlangoni bure. Likifunguliwa tena, itatosha kukiondoa kiambishi hicho.

Upande wa biashara tumekutana na ujanja wa kila namna. Nyumba moja ya wageni, iliyo ndani kabisa ya kichochoro, ilikuwa imewekwa katikati ya uwanja wa wazi ili ionekane na wapitao. Tumeirudisha kwenye jengo lake, na njia ya kuifikia imechorwa vizuri, ambayo nadhani itamfaa mwenyewe zaidi kuliko hila ile. Maneno ya sifa yaliyoandikwa kwenye lebo ya maelezo yameondolewa.

Suala la namba za nyumba lilituletea mjadala wa leseni. Zoezi la anwani za makazi la mwaka 2022, lililotangulia sensa ya Agosti mwaka huo, liliacha vibao katika milango na barabara nyingi nchini. Namba iliyobandikwa mlangoni na jina lililo kwenye nguzo ya barabara tunavisoma kwa macho yetu na kuviandika. Kuchota orodha hizo kutoka mfumo wa serikali bila ruhusa ya maandishi inayolingana na ODbL hatuwezi, na kunakili jina kutoka ramani ya kampuni nyingine kumekatazwa kabisa, hata kama jina hilo ni sahihi. Kijana mmoja aliona sharti hili ni la kupita kiasi. Mimi naliona ndilo linalotuwezesha kumkabidhi mtu ramani hii bila ya kumkabidhi na kesi.

Aprili, masika

Mvua imetuweka ndani, na huo ndio wakati mzuri wa kupima. Tumepitisha eneo lote katika kikaguzi cha JOSM na katika Osmose, ambavyo huorodhesha miisho ya njia iliyo karibu sana na njia nyingine bila kuigusa. Kila moja imelinganishwa na karatasi kabla ya kuunganishwa, kwa kuwa zipo njia ambazo kweli hazikutani: kuna mahali ambapo ukuta wa uani unatenganisha vichochoro viwili kwa unene wa jiwe, na kuviunganisha kungempeleka mtu akaligonge.

Kisha tukauliza njia kutoka soko la Darajani hadi Forodhani kwa mitambo ya kutafuta njia iliyomo kwenye tovuti ya OpenStreetMap yenyewe. Zamani jibu lilikuwa kuzunguka pembezoni. Sasa linapenya ndani, linapita kandokando ya Hurumzi na kutokea nyuma ya Beit el-Ajaib, ambayo ndiyo njia ambayo mwenyeji mwenye haraka angeifuata. Mtambo mmoja bado ulisisitiza kuzunguka, na sababu haikuwa nukta: kipande kifupi kilikuwa na lebo ya ngazi, nao mtambo huo unazikwepa. Kwenda kutazama, tukakuta ni kizingiti kimoja tu. Lebo imeondolewa.

Kosa la kinyume chake ni la hatari zaidi. Vichochoro kadhaa vilikuwa vimeandikwa "highway=residential", yaani barabara ya makazi inayopitika kwa gari, na dereva mmoja wa teksi alitusimulia jinsi simu ilivyomwingiza mahali ambapo alilazimika kukunja vioo vya pembeni na kurudi kinyumenyume huku watu wakimwelekeza kwa makofi juu ya boneti. Kuvifanya vyote kuwa njia za miguu pekee nako si kweli, kwa sababu vespa na baiskeli hupita humo tangu asubuhi hadi usiku, na anayepeleka vyakula kwa pikipiki anahitaji kujua hivyo. Tumekubaliana juu ya "highway=pedestrian" panapopitika kwa vyombo vidogo, pamoja na "motorcycle=yes", na "highway=footway" pale penye ngazi au upana wa mtu mmoja. Upana wenyewe unaandikwa kwa mita popote tulipopima kwa utepe, kwa kuwa habari hiyo, ambayo mtalii hataitazama, ndiyo ambayo gari la zimamoto au machela itaihitaji.

Yamebaki mambo mawili. Baadhi ya njia hufungwa kwa mlango wa chuma usiku, na wenye nyumba hawakubaliani juu ya saa; kwa sasa mlango umewekwa kama nukta ya "barrier=gate" bila saa yoyote, na tumeacha ujumbe wa wazi kwenye ramani ili anayekaa jirani ajibu. La pili ni Malindi, ambako tumefika upande wa bandari tu. Karatasi za vichochoro vya nyuma ya Barabara ya Mizingani zimeshachapwa, na sheha amekubali tuanze mara mvua itakapotoa nafasi, baada ya sala ya alasiri.